Papa Gracieuse na Kikopo cha Muzee Augustin

"Mama Gracieuse, bwana yako iko napeleka wapi makohozi ya watu?"

Swali hilo aliniuliza jirani yetu Brigitte, wakati tulikuwa bado wageni katika avenyu hii. Mimi nilikuwa naanika nguo, yeye alisimama upande wake wa lupango, ule uzio kati ya viwanja vyetu, kuku mkononi. Nikamwambia weye, Papa Gracieuse, unayapeleka labo, kule maabara. Akauliza tena, na labo nayo inayapeleka wapi. Nikamwambia nitakuuliza mwenyewe. Jioni nilipokusimulia ulicheka. Ukasema walimu wako wa Kisangani hawakukuuliza swali zuri kama lile, na kwamba mtu anayetoa kitu cha mwili wake ana haki ya kujua kinakwenda fasi gani. Kesho yake ulikwenda kumweleza Brigitte mwenyewe, umesimama pale pale kwenye lupango, mpaka uji wako ukapoa.

Mwaka umezunguka sasa, Papa Gracieuse, tangu Bwana alipokuita kutoka katika nyumba hii. Misa yako ya mwaka tuliisali Jumamosi. Tulingoja ipite kwanza ndipo tukuandikie, kwa sababu kuna habari moja uliyoiacha njiani, na siye hatukutaka kukuletea nusu. Wanaosoma karatasi hii ya parokia wasikilize pamoja nawe.

Kwa wasiokujua: jina lako ni Ephraïm. Ulikuwa mtafiti wa magonjwa. Watu walikuita docta, nawe ukawarekebisha kila mara kwamba huna sindano wala kitanda cha mgonjwa, una mikroskopi na maswali. Ulitafuta vijidudu vinavyokaa ndani ya mapafu. Zaidi uliwatafuta watu waliougua kifua kikuu zamani, wakameza vidonge vyote mpaka mwisho, wakapona, lakini kikohozi hakikuwaacha. Wengi wao wakienda kutafuta matibabu walipewa vidonge vile vile vya kwanza, wakavirudia, wakavirudia tena, na hakuna kilichobadilika.

Weye ulisema hivi: nyumba iliyoungua ikazimwa haina moto tena, lakini mabati yametoboka na mvua inaingia. Utamwagia maji mpaka lini mahali moto ulikwisha? Tazama mvua. Mvua, katika maneno yako, ndiyo vijidudu vingine vinavyojipenyeza katika mapafu yaliyobaki na matundu, na kila kimoja kina dawa yake. Ili kukijua ulihitaji makohozi ya mgonjwa mwenyewe, ya asubuhi, yaliyotoka chini kabisa.

Ndiyo maana ulifundisha watu kukohoa. Ulimpa mgonjwa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, ukamwambia asukutue kinywa kwa maji, avute hewa, aishike, halafu akohoe kutoka tumboni. Kama hakuelewa, ulikohoa weye mwenyewe kumwonyesha. Ukisha kuonyesha ulimpa mgongo ukatazama barabara, maana ulisema hakuna mtu mzima anayependa kutazamwa anapotema. Watoto wa avenyu walikupa jina la Muzee Kohoa. Ulipopita na pikipiki walisimama kwenye kona wakikohoa kwa zamu, nawe uliwajibu kwa kikohozi chako kirefu kuliko chao. Mtoto wetu Plamedie aliona haya mpaka akaanza kupitia njia nyingine kwenda shule.

Barafu ya sanduku lako la kubebea vikopo uliiomba kwa wamama wanaopandisha samaki kutoka ziwani Kasenyi. Walikupa, lakini kwa masharti. Mmoja alikuambia mbele yangu: "Docta, samaki yetu na makohozi yako, haviwezi kupanda pikipiki moja." Ukamjibu kwamba makohozi yako hayajawahi kulalamika juu ya samaki wake. Tangu siku hiyo walikuchagulia vipande vikubwa.

Nyumbani ulikuwa mtu wa taratibu. Ulinawa kwenye bido la maji la nje kabla ya kusalimia mtu yeyote, hata mama yako alipokuja kututembelea alingoja unawe. Koti la labo halikuvuka mlango wetu hata mara moja. Tulipohamia hapa ulichukua nyundo ukatoboa ukuta wa jikoni ili moshi wa mbabula ya makaa upate pa kutokea. Ndugu yako Aimé alipoliona lile tundu aliuliza kama tumeingiliwa na mwizi. Ukamwambia ndiyo, mwizi ni moshi, na tumemfungulia mlango aende zake. Mimi ule ukuta uliniudhi kwa muda. Sasa napika na macho makavu.

Kanisani ulisali, lakini masikio yako yalikuwa na kazi yao. Mtu akikohoa nyuma ulielekeza kichwa huko. Ulininong'oneza, "Ule wa kando ya nguzo, kile si kikohozi cha vumbi," nami nikakufinya mkono nikakuambia usikilize Neno la Mungu. Baada ya misa ulimngoja mtu huyo mlangoni. Hukuanza na habari ya kikohozi. Ulianza na mashamba, ukapita kwa watoto, ukauliza mvua ya kwao, na kikohozi kikaja chenyewe kama mgeni aliyechelewa.

Hivyo ndivyo ulivyompata Muzee Augustin, ambaye ameruhusu jina lake liandikwe hapa.

Muzee Augustin ni baba mkwe wa Brigitte. Alikuja kwake kutoka upande wa Djugu, siku watu walikimbia vita wakiacha nyumba na mashamba. Alifika na fimbo yake na koti lake la misa. Kifua kikuu kilimshika akiwa kijana, akatibiwa, akalima miaka mingi, lakini kikohozi alikaa nacho, na kila mvua ikianza kilimshinda nguvu. Vidonge vya kwanza alikuwa amevirudia mpaka amechoka kuvitazama.

Sasa, katika ukoo wao mzee wa nyumba hubariki kwa mate. Anayeanza safari, mtoto aliyezaliwa, mbegu kabla hazijaingia udongoni: mzee anasukutua kinywa, anaomba, anataja majina, kisha anatema kidogo tu, kama umande, juu ya kichwa au juu ya mikono. Mashamba yalibaki Djugu, mbuzi walibaki na wenye silaha walioshika njia. Baraka hakuna mtu aliweza kumnyang'anya.

Ulipomwomba makohozi alikubali mara moja, Brigitte akashangaa. Kila mwezi kikopo chake kilikuja kisafi, kimefungwa ndani ya kitambaa. Na kila mwezi labo ilikuta mle mate matupu ya kinywa, maji meupe yasiyosema lolote juu ya mapafu. Ulidhani muzee hana nguvu za kukohoa. Kisha ukadhani hukueleza vizuri, ukarudi kueleza. Yeye alikusikiliza kwa adabu, akaitika, na mwezi uliofuata akaleta mate yale yale. Wakati huo alikuwa anakonda. Brigitte alisema baba mkwe wake anakohoa kama mtu anayepasua kuni mbichi. Nawe bila makohozi ya kweli hukuweza kujua apewe dawa ipi, na kubahatisha hukutaka.

Asubuhi moja hukungoja kikopo, ukakifuata. Mimi nilikuwa napita na bido langu kwenda kuteka maji, nikasimama kwenye lango la Brigitte, ndiyo maana naweza kuliandika jambo hili.

Muzee alikuwa amevaa koti lake la misa. Alikuwa amesukutua kinywa. Alisimama katikati ya uwanja, kikopo mikononi, macho yamefungwa, anataja jina lako, na langu, na majina ya watoto wetu, moja moja, bila kuruka hata la Orly, aliyekuwa anasoma mbali na hakuwa ameonana naye. Kisha akatema mle ndani taratibu, akafunga kifuniko, akapangusa nje kwa kitambaa. Miezi yote ile alikuwa anakubariki.

Baadaye alitueleza alivyofikiri. Alikuona mtu uliyesoma sana, mwenye kazi ngumu, lakini baba yako amekufa na hapa Bunia huna mzee. Akaona una haya ya kuomba baraka wazi wazi, ndiyo maana umekuja na kikopo. Habari ya makohozi ya chini aliichukua kama maneno ya kujificha nyuma yake, kama mtu anayekuja kuomba mke akaanza kwa kusifu ng'ombe. Nani mwenye akili, alisema, angetaka kweli uchafu wa kifua cha mzee?

Weye hukucheka. Ulivua kofia, ukapiga magoti kwenye udongo ulioloa, ukainamisha kichwa. Muzee alishangaa kidogo, halafu akakutemea baraka kichwani, kama inavyopasa. Ulikaa hivyo mpaka akamaliza. Kisha, magoti bado chini, ukamwambia:

"Muzee, ile ya juu nimeipokea. Sasa nakuomba ile ya chini."

"Ile ya chini ni uchafu, mutoto yangu. Utaifanya nini?"

"Nitaipanda."

Muzee akakutazama vizuri. "Weye unapanda magonjwa?"

"Kwenye kisahani, ndiyo. Jani likitoka ndipo najua ni nyasi gani. Weye umelima maisha yako yote. Unang'oa nyasi ambayo haijatoka?"

"Utang'oa nini?"

"Basi, na mimi ni vile vile."

"Na ikisha kutoka, unang'oa?"

"Nikijua jina lake, nang'oa."

Alifikiri, akikiangalia kikopo. Kisha akakuambia ugeuke. Ukampa mgongo ukatazama barabara. Mimi pia niligeuka, na bido langu.

Kisahani kikaota. Ukapata jina la kile kijidudu, na vidonge vya zamani havikuwa dawa yake hata kidogo. Madaktari wakampa dawa nyingine uliyowaonyesha. Kabla mahindi hayajakauka, Muzee Augustin alikuja misa kwa miguu yake, akaketi mbele, na hukuelekeza kichwa kwake, maana hakukohoa. Watu wa avenyu walipoona mzee kama yule ametoa, nao wakatoa. Waliokuwa wakikuzunguka njiani walianza kukusimamisha na kukuuliza kikopo chao kiko wapi. Nawe kila ulipokwenda Komanda kufuata wagonjwa wako, ulipita kwanza kwa muzee, ukavua kofia.

Halafu ukafa.

Uliamka na kichwa kinauma, ukasema ni jua la barabara. Ulianguka katika uwanja wa labo, na kufika jioni ulikuwa umekwisha. Madaktari walisema ni tansio, presha ya damu, mshipa ulipasuka ndani ya kichwa. Baba yako alikwenda vile vile, na dada yako pia. Siye wa nyumbani tulielewa. Tulilia, tukakuzika, tukamwachia Mungu.

Lakini avenyu haikutaka tansio. Avenyu ilitaka makohozi. Kwenye matanga watu walisema chini chini kwamba mtu hawezi kupanda magonjwa ya wengine kila siku, halafu yasiote ndani yake mwenyewe. Maneno yalizunguka sahani za chakula yakamfikia Muzee Augustin pale alipoketi. Sikumwona akibisha. Tulipomwomba awabariki watoto kabla hawajarudi shule, alitikisa kichwa, akachukua fimbo yake.

Brigitte alinieleza yaliyofuata. Baba mkwe wake aliacha kubariki kabisa. Mjukuu alizaliwa katika nyumba ile. Muzee alimpokea mikononi, akamtazama sana, akamrudisha kwa mama yake akiwa mkavu, bila baraka. Walipomuuliza alisema kinywa na kifua vina njia moja, na kifua chake kimemuua mtoto wa watu. Mtu aliyempigia magoti asubuhi ile, huyo huyo yeye alimpa kifo ndani ya kikopo. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Kazi yako aliishika Bénédicte, yule binti uliyemfundisha. Anakwenda kwa wagonjwa wako wote, anakohoa kuwaonyesha, ingawa kikohozi chake ni kidogo na watoto wa avenyu wanamcheka. Kila mwezi alifika kwa muzee. Kila mwezi muzee alimkaribisha kiti, akamwuliza habari za kwao, na kikopo akakirudisha kitupu. Mvua zilipoanza, kikohozi kilimrudia. Siku hizi kinakuja na nyuzi za damu. Ile dawa iliyomsaidia kwanza walimpa tena, haikufanya kitu. Bénédicte anasema labda kijidudu ni kingine, labda ni kile kile kimekuwa sugu. Hawezi kujua asipokipanda. Madaktari nao hawataki kumchagulia dawa kwa kubahatisha, na muda si mwingi. Si yeye peke yake. Alipotoa, wengine walitoa. Alipofunga kinywa, wakafunga, na Bénédicte akawa anarudi labo na sanduku lenye barafu tupu.

Nilikwenda kuzungumza naye. Nikamweleza habari ya tansio, ya baba yako, ya dada yako. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyokusikiliza weye zamani, kisha akasema, "Mama, uko nanifariji. Ni vizuri." Nikarudi nyumbani.

Niliendelea kuliweka jambo hilo katika rozari yangu, na niliendelea kumtazama. Kila asubuhi namwona upande wa pili wa lupango akitafuta jua. Anashika kifua, anakohoa kwa mdomo uliofungwa, na kile ambacho angekitema anakimeza. Mtu aliyebariki mbegu za kijiji kizima, sasa anaogopa mate yake mwenyewe yasidondoke chini.

Jumamosi, baada ya misa, tuliketi katika lupango letu kumaliza matanga. Walikuwapo wote wanaokukumbuka: mimi mke wako Alphonsine, watoto wako Gracieuse, Orly na Plamedie, ambaye amerefuka na sasa anapita njia ya kawaida kwenda shule, ndugu yako Aimé na nyumba yake, wakristo wa shirika letu, wenzako wa labo pamoja na Bénédicte, Brigitte, ambaye maswali hayajamwisha, na wamama wawili wa Kasenyi waliokuja na samaki wa kupika, wakasema kwa siku hii samaki apande pikipiki na yeyote anayetaka. Hawa wote wanasema, nami naandika kwa niaba yao: Papa Gracieuse, jina lako halitatoka vinywani mwetu mpaka siku ya kuonana.

Hapo ndipo matangazo kama haya huishia. Lakini habari yako ni hii inayofuata.

Unajua desturi. Matanga yakiisha, mzee anambariki mjane ndipo avue kitambaa cheusi. Kwetu hakuna mzee tena, kwa hiyo kiti kizuri tulimwekea Muzee Augustin. Alikuja, amevaa koti lake la misa, akaketi. Wakati wake ulipofika, Aimé alimwomba. Muzee akainua kiganja, akasema padri ameshasali kanisani, inatosha. Watu wakaanza kuzungumza mambo mengine haraka haraka, kama wanavyofanya mtu akimwaga chakula. Aimé akanitazama anipe ishara ya kupita, tuliache jambo hilo.

Sikupita. Nilivua kitambaa hata kabla ya baraka, nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Muzee, unibariki."

"Padri amekwisha kukubariki, mama."

"Ya padri ninayo. Nataka yako."

Akavuta kiti nyuma kidogo. "Mama Gracieuse, weye haujue nini iko mu kifua yangu."

"Najua kuna kitu. Jina lake ndilo hatujui."

Kikohozi kikamjia, akakifungia mdomoni, macho yakamtoka machozi. Kilipopita akasema, sauti yake ya kawaida tu, kila mtu akasikia:

"Mimi ndiye nilimuua bwana yako."

Walikuwapo pale baadhi ya wale walioyasema maneno hayo mwaka jana, tena wamekula samaki wetu. Niliona mmoja anatazama viatu vyake.

Nikamwambia: "Muzee, mimi ndiye nilifua mashati yake. Mimi ndiye nilikula naye sahani moja. Ulimtemea kichwani kila alipokwenda Komanda, na kila mara alirudi. Siku aliyoanguka hakuwa amepita kwako. Kama unaogopa, mimi siogopi. Ile ya juu nipe mimi. Ile ya chini mupe Bénédicte."

Kisha nikainamisha kichwa, nikangoja. Magoti yangu si ya msichana, lakini yamezoea kungoja. Nilisikia samaki wanaungua jikoni na hakuna mtu aliyeenda kuwageuza.

Mwishoni muzee akaomba maji. Orly akampelekea. Akasukutua kinywa, akatema pembeni, akasukutua tena. Akaweka mkono kichwani kwangu. Akataja jina lako. Akataja majina ya watoto, moja moja. Langu akalitaja la mwisho. Nikasikia umande wake kwenye nywele.

Watoto wako walikuja wakapiga magoti nyuma yangu bila kuitwa. Akawabariki pia. Brigitte akaingia kwa haraka upande wake wa lupango, akarudi na yule mtoto mchanga, akamweka mbele ya babu yake, bila swali hata moja. Na yeye akapata.

Bénédicte alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, karibu na tundu lako la ukutani. Kikopo kilikuwa mkononi mwake. Nadhani alikuwa amekibeba kwa mazoea tu. Muzee alinyanyuka, akashika fimbo, akamwendea, akanyoosha mkono. Bénédicte akampa, akaanza kumweleza kama ulivyomfundisha: asukutue, avute hewa, aishike.

"Geuka, mutoto yangu," muzee akamwambia.

Bénédicte akampa mgongo. Mimi nikageuka, Aimé akageuka, wamama wa Kasenyi wakageuka na sahani zao, na yule wa viatu naye akageuka, avenyu nzima ikatazama ukuta. Tukasikia fimbo yake ikipita taratibu kati ya migongo yetu, lango likalia, na Muzee Augustin akatoka na kikopo chake. Kutoka nyuma ya ukuta tukamsikia anakohoa, mdomo wazi, kutoka chini kabisa.